Arnold Theiler: Daktari wa mkono mmoja aliyemfuata kupe kuvuka mipaka

Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe upande mmoja wa mpaka na kuwauza upande wa pili anaijua hasara ya namna hii. Ng'ombe amenunuliwa mnadani akiwa mzima, macho maangavu, anakula majani bila shida. Siku ya 10 au ya 12 anaanza kubaki nyuma ya wenzake. Tezi lililo chini ya sikio linavimba, homa inapanda, anahema kama aliyekimbizwa, na mwishoni povu linamtoka puani. Akipasuliwa, mapafu yamejaa maji. Wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya huuita ugonjwa huo ndigana kali. Katika vitabu vya madaktari wa mifugo unaitwa Homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani inayotajwa ni hii hii ya Afrika Mashariki.

Jina hilo halikutoka pwani yenyewe. Lilitoka kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya ng'ombe wa biashara kusafirishwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki na ugonjwa kushuka nao bandarini. Miongoni mwa watu waliougundua ulivyo na namna unavyosafiri, aliyetangulia ni daktari wa mifugo kutoka Uswisi aliyekuwa na mkono mmoja tu, Arnold Theiler. Kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo kinaitwa Theileria parva, na hivyo jina lake hutajwa kila siku katika maabara za mifugo kuanzia Nairobi hadi Lilongwe.

Kijana wa Uswisi aliyepoteza mkono

Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi 1867 katika mji mdogo wa Frick, kaskazini mwa Uswisi. Alikuwa mtoto wa mwalimu. Alisomea udaktari wa mifugo na kufuzu mwaka 1889, kisha akafungua kazi katika kijiji cha Beromünster. Kazi ilikuwa chache na kipato kidogo. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 24, alipanda meli kwenda Afrika Kusini, katika jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa miaka michache kabla na watu wa kila taifa walikuwa wakikimbilia.

Alichokikuta hakikuwa utajiri. Hakupata wateja wa kutosha, akalazimika kuajiriwa katika shamba kubwa la Irene, karibu na Pretoria. Huko mashine ya shambani ilimkata mkono wa kushoto. Kwa daktari wa mifugo, mtu ambaye kazi yake ni kumshika farasi mkaidi, kumzalisha ng'ombe na kuchoma sindano, ajali ya namna hiyo ingetosha kumrudisha kwao. Theiler alibaki. Alijifunza kufanya kwa mkono mmoja yale aliyoyafanya kwa miwili, na akazidi kuelekeza nguvu zake kwenye kazi ambayo jicho lina thamani kuliko misuli: kuchungulia damu kwa hadubini.

Mwaka 1893 ndui ilizuka miongoni mwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand. Theiler alitengeneza chanjo kwa kutumia ndama, na chanjo hiyo ikatumika kuwakinga watu. Mwaka huo huo alimwoa Emma Jegge, mchumba wake kutoka Uswisi. Alitumaini kwamba serikali, baada ya kuona kazi yake, ingempa ajira. Alisubiri hadi msiba mkubwa zaidi ulipofika.

Sotoka yafungua mlango

Msiba huo ulikuwa sotoka. Ugonjwa huo wa virusi ulikuwa umeingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukateremka kupitia nchi za Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuacha mizoga na njaa nyuma yake, kisha ukaendelea kusini. Mwaka 1896 ulivuka mto Zambezi na kuingia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, kisha Botswana na Transvaal. Katika maeneo mengi ulikufa karibu na kuwamaliza ng'ombe wote. Maksai waliokokota magari ya mizigo walifia njiani, na bidhaa zikabaki porini zikiwa zimepakiwa.

Serikali ya Transvaal ilimteua Theiler kuwa daktari wake wa mifugo. Akishirikiana na Herbert Watkins-Pitchford, daktari wa mifugo wa koloni la Natal, alifanya majaribio ya kuwakinga ng'ombe kwa maji ya damu yaliyotolewa kwa wanyama waliougua na kupona. Wakati huo huo, huko Kimberley, Mjerumani Robert Koch, mwanasayansi aliyekuwa maarufu kuliko wote wa zama zile, alikuwa akijaribu kinga yake kwa kutumia nyongo ya ng'ombe waliokufa. Kazi ya Theiler na mwenzake ilionyesha kwamba daktari wa kijijini mwenye mkono mmoja angeweza kusimama kwenye uwanja mmoja na magwiji wa Ulaya.

Vita kati ya Makaburu na Waingereza vilipozuka mwaka 1899, Theiler aliwatibu farasi wa kikosi cha mizinga cha Makaburu, na alikuwa nje ya mji wa Ladysmith wakati Makaburu walipouzingira. Pretoria ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1900, watawala wapya walimwacha aendelee na kazi. Wanyama walikuwa wakifa upande wowote wa vita, na watu waliojua kuwatibu walikuwa wachache. Alipewa maabara ndogo huko Daspoort, pembezoni mwa Pretoria.

Meli za ng'ombe zaingia Beira

Kufikia mwaka 1901 kusini mwa Afrika kulikuwa na njaa ya ng'ombe. Sotoka ilikuwa imewamaliza, na vita vikawamaliza waliobaki. Walowezi walihitaji maksai wa kulimia na kukokotea, majike wa maziwa na nyama ya kula. Wafanyabiashara wakaagiza ng'ombe kutoka popote walipopatikana. Baadhi walitoka pwani ya Afrika Mashariki, wakateremshwa katika bandari ya Beira, Msumbiji. Wengine, wapatao 1,000, waliagizwa na Cecil Rhodes kutoka Australia, nao pia wakapitia Beira kuelekea Umtali, mji ambao leo unaitwa Mutare.

Ng'ombe wa Australia walikufa karibu wote. Muda mfupi baadaye ng'ombe wa wenyeji wa Umtali na Salisbury nao walianza kufa, kisha wale waliokuwa kandokando ya barabara za magari ya mizigo. Mwaka 1902 ugonjwa ulijitokeza Transvaal, upande wa Komatipoort na Nelspruit, karibu na mpaka wa Msumbiji. Ulifuata njia za biashara kama mtu anayefuata nyayo.

Madaktari wa Rhodesia walipochungulia damu ya ng'ombe hao waliona vijidudu vidogo ndani ya chembe nyekundu. Wakasema ni ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ilikuwa rahisi kufikiri hivyo. Mkojo mwekundu ulikuwa umeshajulikana kusini mwa Afrika kwa takribani miaka 30, na Wamarekani Theobald Smith na Frederick Kilborne walikuwa wameshaonyesha mwaka 1893 kwamba kijidudu chake huenezwa na kupe.

Lakini kulikuwa na jambo lisiloeleweka. Ng'ombe wa kusini walikuwa wamekulia katika mkojo mwekundu na wengi walikuwa na kinga dhidi yake. Kwa nini sasa walikuwa wakifa kwa makundi? Na kwa nini wengi wao hawakukojoa mkojo mwekundu?

Mgogoro juu ya tone la damu

Mwaka 1903 serikali ya Rhodesia ilimwita Koch, naye akaweka maabara Bulawayo. Koch alikuwa na kumbukumbu muhimu. Miaka 5 kabla, akiwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, alikuwa ameona vijidudu vidogo vya namna ile katika damu ya ng'ombe wa pwani, lakini akadhani ni mkojo mwekundu ulio katika hatua ya uchanga. Bulawayo ilimfanya abadili mawazo. Alikubali kwamba huu ni ugonjwa mwingine, na kwamba kwao ni pwani ya Afrika Mashariki.

Theiler, akiwa Pretoria, alifikia jibu hilo kwa njia ya majaribio ambayo hata mtu asiye daktari anaweza kuyafuata. Kwanza, alichukua ng'ombe waliokuwa na kinga ya mkojo mwekundu na kuwaweka kwenye malisho yenye ugonjwa mpya. Walikufa. Basi kinga ya ugonjwa mmoja haikuwa kinga ya mwingine. Pili, alichukua damu ya ng'ombe mgonjwa na kumchoma ng'ombe mzima. Kama ungekuwa mkojo mwekundu, ng'ombe yule angeugua. Hakuugua. Ng'ombe mgonjwa aliwekwa pia zizi moja na wazima katika sehemu isiyo na kupe, wakala na kunywa pamoja, na hakuna kilichotokea.

Siku hizi sababu inajulikana. Theileria parva hufanya madhara yake makubwa ndani ya chembe nyeupe za damu, katika matezi. Humo huzilazimisha chembe hizo kuzaana ovyo, karibu kama saratani. Baadaye huingia katika chembe nyekundu na kungoja humo hadi kupe aje kunyonya. Vijidudu vilivyo katika chembe nyekundu vimekusudiwa kupe, si ng'ombe mwingine. Ndiyo maana sindano ya damu haikumwambukiza mtu zizini.

Koch alipendekeza ng'ombe wachomwe damu ya waliopona, mara nyingi, ili wapate kinga. Walowezi walitumaini sana, kwa kuwa jina la Koch lilikuwa kubwa. Njia hiyo ilishindwa, na kwa sababu hiyo hiyo: damu ile haikuwaambukiza ugonjwa na haikuwakinga. Mwaka 1904 Theiler alikipa kijidudu jina lenye maana ya kidogo, parvum. Mwaka 1907 wanasayansi wa Ureno walikitenga katika jamii yake chenyewe na kuiita Theileria kwa heshima yake.

Mhalifu mwenye miguu minane

Ikiwa ugonjwa hauambukizwi kwa kugusana, wala kwa maji, wala kwa damu ya sindano, basi unapita wapi? Jibu la kwanza lilitoka Rasi, kwa mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa Marekani, Charles Lounsbury. Alionyesha kwamba mwenezaji ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa kujishika masikioni mwa ng'ombe. Theiler alirudia majaribio hayo Pretoria, akayathibitisha na kuyapanua kwa aina nyingine za kupe wa ukoo ule ule.

Maisha ya kupe huyo ndiyo yaliyokuwa ufunguo. Hunyonya mara 3 katika maisha yake, kila mara kwa mnyama mwingine. Anapoanguliwa ana miguu 6. Hupanda juu ya mnyama, hunyonya, huanguka, hujivua ngozi. Anatoka akiwa na miguu 8 lakini bado mchanga. Hupanda tena, hunyonya, huanguka, hujivua tena. Mara ya tatu hupanda akiwa mzima. Akinyonya ng'ombe mgonjwa katika hatua moja, atamwambukiza ng'ombe mwingine katika hatua inayofuata. Akishanyonya mara hiyo moja, sumu yake imekwisha. Hairithishi kwa mayai yake.

Kutokana na hayo zilitoka kanuni zilizobadilisha biashara ya ng'ombe kusini mwa Afrika. Kwanza, hatari haiko kwa ng'ombe peke yake bali kwenye majani alimopita. Kupe mwenye ugonjwa anaweza kungoja malishoni kwa muda mrefu. Pili, kungoja huko kuna mwisho. Majaribio yalionyesha kwamba malisho yakikaa miezi 15 bila ng'ombe, kupe waliobaki huwa wamekufa au wamekwisha kumaliza sumu yao kwa wanyama wasiougua, kama farasi, kondoo na mbuzi. Baada ya hapo shamba ni salama. Tatu, ukimuua kupe kabla hajashiba, umekata mnyororo.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyozaa josho kama wafugaji wanavyolijua. Watkins-Pitchford, yule yule aliyefanya kazi na Theiler wakati wa sotoka, alionyesha huko Natal kwamba kuwaogesha ng'ombe kwa dawa ya aseniki kila baada ya siku chache huwaua kupe wakiwa bado wanang'ang'ania ngozi. Majosho yalijengwa kote kusini, na baadaye Afrika Mashariki.

Ng'ombe mzima machoni

Kwa wafanyabiashara, funzo kubwa zaidi la Theiler lilikuwa gumu kulikubali. Ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki waliopelekwa kusini hawakuwa wagonjwa machoni. Walikuwa wametoka mahali ambapo ndama huumwa na kupe tangu wiki za kwanza. Wengine hufa, na wanaosalia hukua wakiwa na kinga. Mnunuzi aliona ng'ombe mnene, mwenye ngozi ya kung'aa. Hakuona kupe waliosafiri masikioni mwake, wala kijidudu kilichokuwamo damuni. Ng'ombe wa kusini, ambao hawakuwahi kukutana na ugonjwa huo, walikufa zaidi ya 90 katika kila 100 walioambukizwa.

Biashara ile ile inaweza pia kwenda kinyume, na ndivyo inavyotokea hadi leo. Ng'ombe wa nyanda kavu zisizo na kupe wengi, au ng'ombe wa maziwa wa kizungu aliyefugwa ndani, akipelekwa kwenye ukanda wa unyevu wenye kupe, ndiye anayekufa. Aliyempeleka hudhani amerogwa au ameuziwa ng'ombe mbovu, kumbe ng'ombe alikuwa mzima na malisho ndiyo yaliyokuwa na ugonjwa.

Desemba 1903 wawakilishi wa makoloni ya kusini walikutana Bloemfontein kujadili magonjwa ya ng'ombe. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuna koloni lingeweza kujilinda peke yake. Koloni moja likifunga njia na jirani akiacha wazi, magari ya maksai yalizunguka na ugonjwa ukazunguka nayo. Ulifika Swaziland, ukaingia Natal mwaka 1904, na kufikia 1910 ulikuwa Transkei.

Vibali vya kusafirisha ng'ombe, nyaya za kugawa malisho, majosho na kuua makundi yaliyoambukizwa vilikuja kuwa sheria. Hatimaye vilifanikiwa. Katikati ya miaka ya 1950 Homa ya Pwani ya Mashariki ilikuwa imetokomezwa Afrika Kusini, baada ya zaidi ya nusu karne na ng'ombe zaidi ya milioni moja waliokufa au kuuawa.

Mafanikio hayo hayakulipiwa na wote sawasawa. Wafugaji Waafrika waliamriwa kuwapeleka ng'ombe mbali kwenye majosho, wakalipishwa kodi kwa ajili yake, wakazuiwa kuuza na kulipa mahari kwa ng'ombe wao kwa sababu ng'ombe hawakuruhusiwa kuvuka. Mwaka 1914 watu wa Matatiele na maeneo jirani waliasi na kubomoa majosho. Sayansi ya kupe ilikuwa sahihi, lakini waliopelekewa sheria hawakuelezwa sababu wala kushirikishwa. Watawala wengi wa kikoloni walirudia kosa hilo kwingineko barani.

Onderstepoort

Mwaka 1908 maabara ndogo ya Daspoort iliachwa, na Theiler akahamia katika taasisi mpya iliyojengwa Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria. Chini yake ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya utafiti wa mifugo duniani.

Orodha ya kazi zake ni ndefu. Mwaka 1902, katika damu ya ng'ombe, alikuta kijidudu kikubwa cha jamii ile inayoleta nagana. Kiligundulika kuwa kwa kawaida hakina madhara makubwa, nacho kikapewa jina lake, Trypanosoma theileri. Karibu na mwaka 1910 alieleza kwa mara ya kwanza chanzo cha ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika Mashariki huuita ndigana baridi, ule unaompa ng'ombe homa, manjano na choo kigumu. Watu walikuwa wakiuchanganya na mkojo mwekundu, kwa kuwa ng'ombe mmoja mara nyingi huwa na yote mawili. Theiler aliona vitone vidogo kwenye ukingo wa chembe nyekundu, akaviita Anaplasma marginale.

Kisha aliona jambo la faida. Baadhi ya ng'ombe walikuwa na vitone hivyo katikati ya chembe badala ya ukingoni, na ugonjwa wao ulikuwa mwepesi. Aliviita Anaplasma centrale, akavitumia kama chanjo: ng'ombe anapewa ugonjwa mdogo ili asiuawe na mkubwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, chanjo hiyo bado inatumika Afrika Kusini, Australia na Israeli.

Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka 1920 shule ya udaktari wa mifugo ilifunguliwa Onderstepoort naye akawa mkuu wake wa kwanza, ili Afrika Kusini isitegemee madaktari waliosomea Ulaya pekee. Alistaafu mwaka 1927.

Watoto wa Theiler na kadi ya mpakani

Watoto walifuata njia ya baba. Gertrud alikuwa mtaalamu wa kupe, akatumia miaka mingi kuchora ramani za mahali kila aina ya kupe inapopatikana kusini mwa Afrika. Hans alikuwa daktari wa mifugo. Max, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1899, alikwenda Marekani na huko akatengeneza chanjo ya homa ya manjano mwaka 1937. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1951.

Kwa hiyo msafiri anayesimama kwenye mpaka na kutoa kadi ya manjano ili afisa wa afya aikague, anaonyesha uthibitisho wa kuchanjwa kwa kazi ya mtoto. Ng'ombe walio ndani ya lori lake wana kibali kilichotokana na kazi ya baba.

Arnold Theiler alifariki ghafla London tarehe 24 Julai 1936, akiwa na umri wa miaka 69.

Muguga, Kiambu na Serengeti

Kitu kimoja Theiler hakukipata: chanjo ya ndigana kali. Majosho na nyaya viliwezekana kusini, ambako ugonjwa ulikuwa mgeni. Afrika Mashariki ndiko kwao. Kupe wapo kila mahali penye mvua ya kutosha, nyati hubeba jamii ya kijidudu hicho bila kuugua, na malisho ya wafugaji hayana nyaya.

Jibu lilipatikana Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika Shirika la Utafiti wa Mifugo la Afrika Mashariki, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zililimiliki kwa pamoja. Mapema miaka ya 1970 watafiti wa hapo waliacha damu na kurudi kwa kupe. Waliwasaga kupe wenye ugonjwa, wakahifadhi vijidudu kwenye baridi kali, kisha wakamchoma ng'ombe kipimo kidogo, na papo hapo wakampa sindano ya dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Ng'ombe huugua kidogo, hupona, na hupata kinga ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha.

Lakini kijidudu cha eneo moja hakimkingi ng'ombe dhidi ya vijidudu vya kila eneo. Hivyo walichanganya vitatu: kimoja cha Muguga na kimoja cha Kiambu, vyote vya Kenya, na cha tatu cha Serengeti, Tanzania. Kinga ya nchi moja peke yake haikutosha. Ilibidi mchanganyiko uvuke mpaka kama kupe wanavyouvuka. Jumuiya iliyolimiliki shirika hilo ilivunjika mwaka 1977, lakini chanjo ilibaki. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameichanja mifugo yao kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakilipa wenyewe, kwa sababu wanaona ndama wao wakiishi. Siku hizi hutengenezwa Lilongwe, Malawi. Ng'ombe aliyechanjwa huwekwa hereni sikioni, na hereni hiyo mara nyingi humwongezea bei.

Wataalamu hukadiria kwamba ndigana kali bado huua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka mashariki na kusini mwa Afrika, wengi wao ndama. Wengi katika hao hawafi kwa kukosa elimu ya tiba. Hufa kwa sababu wamehamishwa kutoka malisho yasiyo na kupe kwenda yenye kupe bila kuogeshwa wala kuchanjwa, au kwa sababu uvimbe wa tezi haukushikwa mapema, wakati dawa ya buparvakwoni bado ingeweza kuwaokoa.

Ndiyo maana kazi ya Theiler haijachakaa. Ukaguzi wa mpakani unaoangalia karatasi na idadi ya vichwa haumzuii kupe. Unaofaa ni ule unaoinua sikio la ng'ombe na kulichungulia ndani, unaouliza ametoka malisho gani na anakwenda malisho gani, na unaojua ameogeshwa lini. Mfanyabiashara anayefanya ukaguzi huo mwenyewe mnadani, kabla hajatoa fedha, anaokoa mtaji wake na zizi la mteja wake upande wa pili.